Jina Moja, Anwani Moja: Maneno kwa Wanaokwenda Kuishi Ufaransa

Ndugu zangu, wazazi mliowasindikiza vijana wenu, nanyi ambao visa tayari imebandikwa kwenye pasipoti: asalaam aleikum, na habari za jioni.

Sikuja kusifia Mnara wa Eiffel. Nimeombwa niseme mambo ya kazi: mgeni kutoka kwetu akishafika Ufaransa hukwama wapi, kwa nini, na ajinasue vipi. Majina ya karatasi nitayataja kwa Kifaransa chenyewe, maana ndivyo mtakavyoyakuta kwenye barua na kwenye tovuti. Mwenye kalamu aandike.

Nitaanza na jina. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Juma Salum Hamisi akiitwa Juma, au Bwana Salum, au Juma Hamisi, mtaani ni yuleyule na hakuna anayeshangaa. Ufaransa fomu ina visanduku viwili: nom, ambalo ni jina la ukoo, na prénom, jina lako mwenyewe. Pasipoti ikisema ukoo ni Hamisi, cheti cha kuzaliwa kikasema mtoto ni Juma na baba ni Salum Hamisi, na cheti cha shule kikasema Juma Salum, basi mbele ya karani hao ni watu watatu mpaka ithibitike vinginevyo. Faili litarudishwa. Na halitarudishwa siku hiyo hiyo. Litarudishwa baada ya miezi, kwa mstari mmoja unaosema hati haziwiani.

Dawa yake iko huku nyumbani. Kabla ya kusafiri, weka mezani pasipoti, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, ulinganishe herufi kwa herufi: Hamisi na Khamis, Mohamed na Muhammad, tarehe na mwezi. Penye tofauti, nenda kwa msajili, kwa Tanzania Bara ni RITA, ukarekebishe cheti chenyewe. Hati ya kiapo ya mwanasheria inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja hukubalika sana kwetu, lakini kule mara nyingi haitoshi. Cheti cha kuzaliwa kiwe kile kirefu chenye majina ya baba na mama, kwa sababu ofisi ya bima ya afya itakidai. Ulizia ubalozi pia kama nchi yako inatakiwa kuhalalisha hati kabla hazijatumika Ufaransa, ufanye hivyo ukiwa bado hapa. Kuhalalisha cheti cha Moshi ukiwa umeshafika Lyon ni kutuma shangazi mjini mara nne.

Tafsiri ya Kifaransa ni jambo jingine. Inatakiwa ya traducteur assermenté, mfasiri aliyeapishwa, na orodha zao hutunzwa na mahakama za rufani za huko. Ukifasiri kwa rafiki anayejua Kifaransa kizuri, umepoteza pesa. Na ukishaamua jina linaandikwaje, kwa mpangilio wa pasipoti, usilibadilishe popote: benki, chuo, simu, mkataba wa nyumba, na hata kwenye kisanduku cha barua.

Kisanduku cha barua ndicho kinachonileta kwenye anwani. Kwetu mtu huelekezwa: ukifika msikitini, kata kushoto, uliza nyumba ya Mama Fatuma. Ufaransa serikali nzima inaishi ndani ya bahasha. Namba ya siri ya kadi ya benki huja kwa posta. Kadi ya bima ya afya huja kwa posta. Uamuzi wa kukukatalia kibali unaweza kuja kwa posta. Mpeleka barua hamjui mtu, anasoma majina kwenye visanduku tu. Jina lako lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka na alama kwamba mpokeaji hajulikani katika anwani hiyo. Siku ya kwanza kabisa, kabla hujafungua sanduku la nguo, bandika jina lako kwenye kisanduku, hata kwa karatasi na selotepu. Kama unakaa kwa mtu, anwani yako iandikwe jina lako, kisha neno chez, kisha jina la mwenyeji.

Barua nzito ni ile inayoitwa lettre recommandée avec accusé de réception, barua ya rejista ambayo mpokeaji huitilia sahihi. Ukiwa haupo, mpeleka barua anaacha kijikaratasi, na barua inakusubiri posta kwa siku 15. Wako wanaodhani wasipoichukua, basi hawajapewa habari. Sivyo. Kwa mambo mengi ya kisheria, usipoichukua huhesabiwa kwamba umeipata siku ile mpeleka barua alipofika mlangoni, na siku za kukata rufaa zinakuwa zinahesabika huku wewe umetulia. Wewe nawe ukitaka kuvunja mkataba wa nyumba au kudai haki yako, tumia barua ya namna hiyohiyo, utunze risiti. Maneno ya simu hayana uzito mbele ya ofisi.

Hapo wengi hukutana na duara: benki inataka anwani, mwenye nyumba anataka akaunti ya benki. Mlango wa kutokea ni attestation d'hébergement. Mwenyeji wako anaandika na kutia sahihi kwamba unakaa kwake, anaambatanisha nakala ya kitambulisho chake na bili ya umeme, maji au intaneti isiyozidi miezi mitatu. Karatasi hizo tatu zinakufungulia akaunti, na akaunti inakupa RIB, yaani ukurasa wenye namba zako za benki ambao kila ofisi itauomba. Benki ikikukatalia, dai barua ya kukataa na uipeleke Banque de France, benki kuu ya nchi. Sheria inakupa haki ya akaunti, nao ndio wanaochagua benki itakayokufungulia. Makarani wa benki wenyewe hawapendi kulisema hili.

Sasa nyumba. Mwenye nyumba wa Ufaransa anaogopa jambo moja, kutolipwa, kwa sababu sheria haimruhusu kumtoa mpangaji kirahisi, na kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi hakuna kumtoa mtu nje kwa sababu ya deni la kodi. Kwa hiyo anataka mdhamini, na kwa desturi anataka mtu mwenye kipato mara tatu ya kodi. Mjomba wako mwenye duka Kariakoo, mwenye nyumba hatamkubali. Kilichowekwa kwa ajili ya watu kama ninyi kinaitwa Visale: dhamana ya bure, huombwa mtandaoni, na iko wazi kwa vijana wa miaka 18 hadi 30. Omba kabla ya kutia sahihi mkataba, maana baada ya hapo haitoki. Hati zako za kuombea nyumba zipitishe DossierFacile, huduma ya serikali isiyo na malipo. Wanazikagua na kuzigonga alama, na mwenye nyumba hupunguza wasiwasi.

Jueni pia asichoruhusiwa kukudai. Tangu mwaka 2015 kuna orodha ya hati zinazokubalika. Taarifa ya mienendo ya akaunti yako ya benki haimo, wala kadi ya bima ya afya. Dhamana ya fedha kwa chumba kisicho na samani haizidi kodi ya mwezi mmoja, kwa chenye samani haizidi miezi miwili. Chumba kiwe na mita za mraba 9 na urefu wa dari mita 2.20, au angalau ujazo wa mita 20. Tazama herufi ya nishati kwenye tangazo, kuanzia A, nyumba isiyopoteza joto, hadi G, inayolipoteza sana. Tangu Januari 2025 nyumba ya G hairuhusiwi kupangishwa kwa mkataba mpya katika Ufaransa ya bara. Ya F inaruhusiwa bado, lakini kijana aliyezoea joto la Tanga ataijua F ni nini ikifika Januari na bili ya umeme mkononi.

Anayekuambia yuko nje ya nchi kikazi, funguo atakutumia ukishamtumia pesa, ni tapeli. Hapo sina la kuongeza.

Siku ya kupewa funguo mtafanya état des lieux, ukaguzi wa chumba kwa maandishi. Usione haya kuchukua saa nzima. Fungua kila bomba, washa kila taa, vuta maji ya choo, piga picha madoa, mikwaruzo, ukungu nyuma ya kabati, na namba za mita ya umeme na maji. Kisichoandikwa siku hiyo, siku ya kutoka ni chako. Ukigundua kitu baadaye, una siku 10 za kuomba kiongezwe. Kwa mashine za kupasha joto una mwezi wa kwanza wa msimu wa baridi, kwa sababu mwenye kuingia Julai hawezi kujua kama zinafanya kazi. Ukitoka na chumba kiko kama kilivyokuwa, dhamana inarudi ndani ya mwezi mmoja. Kikiwa na kasoro, ndani ya miezi miwili. Bima ya nyumba ni lazima kwa mpangaji. Maji yakivuja kwa jirani wa chini, toa taarifa kwa bima ndani ya siku 5 za kazi. Ukiibiwa, siku 2. Na mwezi huohuo unaoingia, omba msaada wa kodi ya nyumba kwa CAF, ofisi ya posho za familia, lakini usiupangie bajeti kabla ya kupata jibu: masharti yake hubadilika, na mwezi wa kuingia wenyewe kwa kawaida haulipwi.

Kibali cha kuishi sasa, na hapa naomba utulivu kidogo. Wengi wenu mna VLS-TS, visa ndefu inayosimama kama kibali. Haifanyi kazi yenyewe. Ndani ya miezi mitatu tangu kuingia, uithibitishe mtandaoni kwa kulipa stempu ya kodi, ukiwa na namba ya visa, tarehe ya kuingia na anwani. Usipothibitisha, ukishavuka miezi hiyo unaishi bila kibali, na ukitoka kwenda kumzika babu hutarudi kwa visa hiyo. Anza siku ya pili au ya tatu, usingoje chuo kikukumbushe.

Kuongeza muda kunafanyika kati ya miezi minne na miwili kabla ya kwisha. Ukichelewa utalipa euro 180 juu, na mbaya zaidi utabaki bila karatasi yoyote katikati. Mwanafunzi aonyeshe fedha, kiwango kilichozoeleka kikiwa euro 615 kwa mwezi, na aonyeshe kwamba anasoma kweli: matokeo, mahudhurio, mitihani aliyofanya. Kufeli mwaka mmoja hakumfukuzi mtu. Kubadilisha kozi mara tatu bila maelezo, au kutotokea kwenye mitihani, ndiko kunakoharibu. Aliyeumwa alete vyeti vya hospitali vya wakati ule ule, maana vilivyoandikwa mwaka mmoja baadaye havisaidii.

Ukishapeleka ombi utapewa hati ya kusubiri, récépissé au attestation ya mtandaoni. Isome tarehe yake. Mwajiri ana haki ya kukusimamisha siku hati inapoisha hata kama kosa ni la ofisi, na haya hutokea kila mwaka. Hati ya ombi la kuongeza muda inaruhusu kusafiri na kurudi. Ya ombi la kwanza, kwa kawaida hairuhusu. Ofisi ikinyamaza, ukimya nao ni jibu: baada ya miezi minne, na kwa baadhi ya vibali siku 90, huhesabiwa kuwa umekataliwa, na una miezi miwili ya kwenda mahakama ya utawala. Kwa hiyo weka alama kwenye kalenda. Mtandao ukikwama, préfecture, yaani ofisi ya serikali inayotoa vibali, ina dawati la kusaidia watu wa mtandaoni, nenda na picha ya skrini inayoonyesha hitilafu, tarehe na saa. Miadi ya préfecture ni bure. Anayekuuzia miadi anakuuzia kitu cha umma.

Ukihama nyumba, una miezi mitatu ya kutoa taarifa. Wengi huiambia benki na kuisahau préfecture.

Nani hapa anakwenda kukaa miaka mingi? Basi Kifaransa si mapambo. Sheria ya Januari 2024 imepandisha viwango vya lugha, na vinatumika tangu Januari 2026: A2 kwa kadi ya miaka kadhaa, B1 kwa kadi ya mkaazi ya miaka kumi, B2 kwa uraia. B2 ni kuweza kubishana kwa hoja. Aliyekaa Paris akizungumza Kiswahili nyumbani na Kiingereza ofisini hatoifikia kwa kuishi tu, hata akikaa miaka kumi.

Afya ni rahisi kidogo. Mwanafunzi anajiandikisha bure kwenye tovuti ya wanafunzi wageni ya Ameli, yaani bima ya afya ya taifa. Mfanyakazi huingizwa kwa kazi yake. Mwanzoni utapata namba ya muda, kisha ya kudumu yenye tarakimu 13 na mbili za uhakiki. Ya kwanza ni 1 kwa mwanaume na 2 kwa mwanamke, kisha mwaka na mwezi wa kuzaliwa, kisha 99 kwa sisi tuliozaliwa nje. Mwezi ukikosewa hapo, ulikosewa kwenye cheti, tunarudi kule kule. Kadi yenyewe inaitwa carte Vitale.

Chagua médecin traitant, daktari wako wa kwanza, mapema kabla hujaugua, maana katika miji mingi madaktari hawapokei wagonjwa wapya. Hesabu yake ni hii: kumwona daktari wa kawaida ni euro 30. Ukiwa umemtangaza daktari wako, bima inahesabu asilimia 70, ambayo ni euro 21, inakata 2, unarudishiwa 19. Usipokuwa naye, inahesabu asilimia 30, inakata 2, unarudishiwa 7. Sehemu iliyobaki hulipwa na mutuelle, bima ya nyongeza. Mwenye kipato kidogo aombe Complémentaire santé solidaire. Famasi hazitakuuzia antibayotiki bila karatasi ya daktari, hata ukiijua dawa kwa jina na rangi. Mwenye dawa za kudumu asafiri na barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa, si la kampuni. Dharura ya ugonjwa ni 15, polisi 17, zimamoto 18, na 112 inafanya kazi hata Ulaya nzima.

Kazi na kodi ya mapato nitazipita haraka. Mwanafunzi anaruhusiwa saa 964 kwa mwaka. Ukizidisha unahatarisha kibali, na saa hizo zinaonekana kwenye kompyuta. Kazi isiyo na karatasi ya mshahara haiwezi kukusaidia popote baadaye. Karatasi za mshahara zitunze mpaka siku ya pensheni, ndiyo, maisha yote. Kila mwaka, kati ya Aprili na mwanzo wa Juni, tangaza kipato chako hata kama ni sifuri. Avis d'imposition, taarifa ya kodi ya mapato, hata ya sifuri, ni hati yenye thamani kuliko mnavyodhani: mwenye nyumba huiomba, préfecture huiomba, na atakayeomba uraia ataombwa za miaka kadhaa.

Kuhusu watu wenyewe. Nasikia ikisemwa kwamba Wafaransa wana kiburi. Wengi wanaosema hivyo wamefika kaunta wakaanza na swali. Kule kuuliza bei ya mkate bila Bonjour ni sawa na kuingia nyumba ya mtu bila hodi, na utajibiwa hivyo hivyo. Sema Bonjour ukiingia dukani, ukipanda basi, ukiingia chumba cha kusubiri kwa daktari ambako humjui mtu, kisha ndipo useme shida yako. Ukitoka, Au revoir. Mtumie vous, yaani "wewe" ya heshima, kila mtu mzima mpaka yeye mwenyewe akuambie vinginevyo. Hapa sisi watu wa shikamoo tuna mtaji, tusiuache uwanja wa ndege.

Usimtembelee mtu bila taarifa, hata jirani, hata mgonjwa. Ukialikwa chakula cha jioni saa mbili, fika na dakika kumi za kuchelewa, ukiwa na maua au kitu kitamu, peke yako, usimlete binamu. Nyama ya nguruwe au divai unakataa kwa neno moja, non merci, bila hotuba ya dini, na mambo yanaendelea. Ni vizuri zaidi kumwambia mwenyeji siku mbili kabla. Kelele baada ya saa nne usiku hadi saa moja asubuhi ni kosa la faini, na jirani atapiga simu bila kukugongea mlango kwanza. Msichukulie kama chuki.

Dini inahitaji usahihi, kwa sababu tetesi ni nyingi. Sheria ya mwaka 1905 imetenga dini na serikali. Barabarani na chuo kikuu mwanamke anavaa hijabu yake bila tatizo la kisheria. Shule za umma, tangu sheria ya 2004, mwanafunzi haruhusiwi alama ya dini inayojionyesha, na mtumishi wa umma kazini vivyo hivyo. Kufunika uso hadharani kumekatazwa tangu sheria ya mwaka 2010, faini hadi euro 150. Picha za vitambulisho ni kichwa wazi. Nendeni kwenye mashine ya picha yenye pazia. Na wanaotaka kuoa: ndoa ya halmashauri, mairie, hutangulia. Imamu au padri anayefungisha kwanza, tena kwa mazoea, anavunja sheria ya jinai, kwa hiyo msimkasirikie akiwadai cheti.

Wenye watoto: shule ni lazima kuanzia miaka mitatu, huandikishwa mairie, nendeni na kadi ya kliniki yenye chanjo. Tangu Julai 2019 sheria inasema malezi yafanyike bila ukatili wa mwili wala wa kisaikolojia. Mwalimu akiona alama ya fimbo ana wajibu wa kutoa taarifa, na kuna namba 119 kwa ajili hiyo. Mweleze hili pia bibi atakayekuja kulea.

Ndizi za kupika, muhogo, majani na samaki wakavu mtavipata Château Rouge kule Paris, na Noailles kule Marseille, mji wenye Wangazija wengi ambao lugha yao mtaielewa nusu kabla hamjafundishwa. Msijifungie humo tu, lakini Jumamosi ya kwanza nendeni.

Nafungua maswali. Wenye tofauti ya majina kwenye hati na safari ya mwezi huu watangulie, wengine mnaweza kungoja.